Kufunga GPS ya mkononi porini: klipu imeniangusha, fundi viatu kaniokoa

Wakuu habari za kazi. Nitoe uzoefu wangu kidogo kuhusu kubeba GPS ya mkononi msituni isidondoke, maana hii kitu imenitoa jasho kweli. Kazi yangu ni kupima miti kwenye ploti (vile vieneo vya msitu vilivyowekewa alama), tunazunguka sana milima ya Uluguru upande wa Mgeta na Bunduki, na GPS ninayotumia ni ya ofisi, yaani nimeisainia kabisa stoo, ikipotea ni mshahara wangu unaongea.

Kifaa chenyewe sina shida nacho, kinatumia betri mbili za AA, kina IPX7 maana yake kikizama mita 1 kwa dakika 30 maji hayaingii. Ishu ni ile klipu ya nyuma, kale kakarabina (kapete ka kuning'inizia kenye mlango wa kujifunga) kanakoteleza kwenye reli mgongoni mwa kifaa. Nimetembea nayo inaning'inia kwenye mkanda wa suruali kama wiki mbili hivi, mashambani na barabarani, hamna tatizo. Sasa ingia kwenye mianzi, unapita umeinama, huku unakwepa upupu, tawi linakuja linabonyeza kale kaulimi ka plastiki kanakoishikilia kwenye reli, unavyosogea mbele linaisukuma GPS juu inachomoka kwenye reli, karabina kanabaki kiunoni peke yake na wewe roho yako iko kwatu kwa sababu kila ukipapasa unakuta kuna kitu. Ndo kilichonipata. Nimefika kwenye ploti napapasa nisome namba, nimeshika klipu tupu.

Babu anayetuongoza kule akaniangalia usoni akasema "mjukuu, mbona kama umeangusha roho?" Nikamwambia babu, bora ningeangusha roho. Tukarudi mdogo mdogo na njia yetu, yeye mbele anaangalia majani yaliyokanyagwa, mimi nyuma naangalia kila kitu cheusi na kila kitu ni cheusi. Aliiona yeye, imelala kifudifudi kwenye majani makavu pembeni ya mzizi, mimi nilishaipita. Na ilikuwa bado inarekodi! Jioni nilivyofungua treki, yaani mstari wa njia tuliyopita, kwenye kompyuta nikaona mstari unaenda vizuri halafu ghafla vidoti vimejazana sehemu moja kama inzi kwenye embe, ndo pale ilipokuwa imelala inatusubiri.

Baada ya hapo nikaanza majaribio. Kwanza kamba ya shingoni, hii wengi ndo tunaianza nayo. Kwenye tambarare ni poa, ila ukipanda mlima inabembea inakugonga kifuani kila hatua, ukiinama kupima kipenyo cha mti inajipiga kwenye gogo, na siku moja nateleza kwenye mteremko kamba imenasa kwenye kisiki nikabaki nimekabwa kama mbuzi. Nikaitoa hapo hapo. Ukilazimika kuvaa shingoni basi weka sehemu moja dhaifu kwenye kamba, hata uzi wa kushonea tu, ikinasa ikatike kamba siyo wewe.

Nikajaribu kale kaduara ka waya unaojivuta wenyewe, vile vya kuvalia vitambulisho. Usipoteze hela. Kitambulisho ni kikaratasi, GPS ni mzigo, siku ya tatu waya ukawa unaning'inia mpaka magotini haurudi tena.

Halafu kuna vipochi vya simu vya kufunga kwa sumaku, nilinunua kimoja kizuri tu. Kama GPS yako ina dira ya ndani ya kielektroniki sumaku hiyo inaichanganya, mimi kaskazini yangu ilikuwa inaelekea inakotaka, nimehangaika kukalibreti (kuiweka sawa dira upya) weee kabla sijashtuka kwamba mchawi ni kifuniko.

Kilichokubali ni hiki. Nimepeleka begi langu kwa fundi viatu pale Morogoro mjini, nikamwambia fundi nishonee kapochi juu kabisa ya mkanda wa bega la kushoto, kawe kanaibana GPS lakini kawe wazi juu, na chini yake nishonee pete ya chuma. Akakashona kwa turubai na uzi ule wa kushonea soli, elfu nne yangu, dakika ishirini. Mdomoni nikakazungushia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwanini begani? Kwa sababu antena inakaa juu inaangalia mbingu. Kiunoni mwili wako wenyewe unaziba satelaiti, na chini ya miti mikubwa signali ni ya kubahatisha tayari, huna ya kuchezea.

Halafu kamba. Hapa ndo penyewe. Usifunge kwenye klipu, funga kwenye kile kitundu cha kifaa chenyewe. Mimi natumia nailoni nyembamba, ncha nimezichoma kwa kiberiti zisifumuke, unaingiza kitanzi kwenye kitundu halafu unaipitisha GPS yote ndani ya kitanzi unavuta, inajikaba yenyewe. Upande wa pili kwenye ile pete ya chuma. Urefu wangu ni sentimita 65, nimepima mara nyingi, inatosha kuileta mbele ya macho au kunyoosha nayo mkono kidogo, na ikiponyoka inaishia mapajani. Kuna jamaa yangu kaweka mita nzima, ikimponyoka inapiga magoti na inanasa kila kichaka, anatukana njia nzima.

Kuhusu mito: GPS yangu inazama, IPX7 siyo boya. Zipo zinazoelea, kama Garmin GPSMAP 78, ila hii yangu nimeijaribu kwenye ndoo ikaenda chini taratibu. Nikakata kipande cha ndala ya zamani ukubwa wa kiganja nikakifunga kwenye kamba, sasa inaelea. Ndala yenyewe nyekundu, kwa hiyo hata ikidondoka kwenye majani naiona.

Kwenye bodaboda mimi siifungi kwenye usukani tena. Ule mtetemo wa barabara ya vumbi unazifanya betri zicheze inajizima katikati ya treki, unafika unakuta nusu ya safari haipo. Naiacha begani kwenye kapochi, na ndani ya mlango wa betri nimebandika kasponji kembamba ka kuzikandamiza.

Kapochi sasa hivi kana miezi saba, uzi haujaachia hata mshono mmoja, mpira wa tyubu ndo umepasuka nimebadilisha mara mbili, bure kabisa kwa fundi baiskeli. Babu naye kila tukianza safari ananipapasa bega kwanza halafu ndo tunaondoka.