Maji yangu yalibaki mlangoni

Naanza na chupa. Nikianza na filamu nitasahau hasira, na sitaki kuzisahau. Ni chupa ya lita moja na nusu, maji ya buku kutoka kwa Mangi, aliyoichomoa chini kabisa ya friji ikiwa na kipande cha barafu kinagonga ndani. Nilinyang'anywa mlangoni pa ukumbi wa sinema siku ya Jumapili, mbele ya mtoto wa dada yangu na foleni nzima.

Jumapili yenyewe haikuwa na habari. Ilikuwa kama wiki moja kabla ya mfungo, lile joto la Dar ambalo hata ukilala chali sakafuni jasho linakutafuta. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Asubuhi nilikula vitumbua vitano na chai, nikalala. Mchana nikala wali na maharage ya nazi, nikalala tena. Kwenye saa tisa hivi mjomba wangu, ndiye huyo mtoto wa dada, yuko kidato cha pili, akanisimamia kichwani: "Mjomba, si uliahidi Dune?" Kweli niliahidi, ile ya pili. Lakini niseme ukweli wangu, sikuinuka kwa ajili ya filamu. Niliinuka kwa ajili ya kiyoyozi. Nikajiambia saa mbili na dakika arobaini na sita za ubaridi, hata kama wataonyesha ukuta mtupu, ninalipa.

Tukapanda bajaji. Jina la ukumbi silitaji, sitafuti kesi.

Pale mlangoni kuna binti wa miaka ishirini hivi anayechana tiketi. Shikamoo sikupata na wala sikuidai, siku hizi tumezoea. Akaangalia mkono wangu.

"Vinywaji kutoka nje haviruhusiwi, anko."

"Haya ni maji tu, binti yangu."

"Maji ni kinywaji."

Hapo sina ubishi, maji ni kinywaji. Nikamwomba ninywe kidogo basi, niifunge, niiweke kwenye begi la kijana. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bisi: "Kwani hujui kusoma?"

Jamani. Ningekuwa nimebeba sufuria la ugali na kisamvu ningeelewa. Mjomba wangu aliangalia viatu vyake. Nyuma yangu mzee mmoja wa kofia ya kiua akanong'ona, "Mwachie bwana, tunachelewa," nami nikamwachia. Aliichukua akaiweka juu ya meza ndogo penye chupa nyingine kama kumi na tano, zimesimama kama wafungwa. Ukitaka maji ya ndani, nusu lita, elfu mbili. Fanya hesabu mwenyewe.

Mama yangu husimulia Drive-In ya Msasani, pale ulipo Ubalozi wa Marekani sasa. Anasema familia zilikwenda na pilau ndani ya sufuria, mkeka, chai kwenye thamosi, watoto wameshavalishwa nguo za kulalia, na hakuna aliyeulizwa kitu. Sitaki kuwa yule mtu wa "zamani kulikuwa kuzuri". Lakini hata kibanda umiza cha mtaani kwetu, chenye benchi la mbao na feni moja inayozunguka kwa kusukumwa, hakijawahi kunitoa maji mkononi. Tena pale kuna jamaa anakutafsiria filamu kwa Kiswahili, na ukienda msalani ukirudi anakusimulia kilichopita. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Tukaingia. Kiyoyozi kimekufa.

Hakijazimwa, kimekufa. Kuna ule ubaridi wa kinafiki unaoupata unapofungua mlango, halafu ukikaa dakika kumi unagundua ulikuwa ni kumbukumbu ya ubaridi wa jana. Mama mmoja mbele yetu alitoa khanga akaanza kujipepea. Nikamwita kijana wa tochi, akasema fundi amepigiwa simu. Fundi Jumapili jioni!

Sasa hebu nikuambie filamu inahusu nini, kwa ambaye hajaiona. Inahusu kiu. Kuna sayari nzima ya jangwa, Arrakis, na watu wake, Wafremen, wanavaa mavazi yanayochuja jasho lao ili walinywe tena. Mtu akifa, maji yanatolewa mwilini mwake kwa mashine. Hayatupwi, yanahifadhiwa. Wana bwawa kubwa chini ya ardhi, maji meusi yametulia, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa hata akiwa anakufa kwa kiu. Hata chozi halitakiwi lianguke bure. Na mimi nimekaa pale, shati limenigandia mgongoni, ulimi umekuwa kama kipande cha gunia, na lita moja na nusu yangu iko hatua thelathini kutoka nilipo. Niliona kama mwongozaji wake, Denis Villeneuve, amenitengenezea mimi binafsi.

Na filamu ni nzuri, ndilo linaloniudhi. Ingekuwa mbaya ningetoka zangu. Kwa mtu wa pwani ina raha yake nyingine ambayo sijaona watu wakiisema. Frank Herbert, Mmarekani ambaye riwaya yake iliyozaa filamu hii ilitoka mwaka 1965, alichota maneno mengi kwenye Kiarabu, na sisi tuliopita madrasa tunayasikia yakipita. Yule kijana Paul, shujaa wa filamu, wanamwita Lisan al-Gaib. Lisani, ulimi. Ghaibu, ghaibu yetu hii hii. Wengine wanamwita Mahdi. Kila neno likitajwa mzee wa kofia, aliyekuwa safu ya nyuma yetu, alikuwa anaguna, "Ehee," kama anasahihisha daftari. Halafu kuna Stilgar, kiongozi wa Wafremen, kaigiza Javier Bardem. Huyu kila anachofanya Paul, kwake ni dalili. Paul akisema mimi ndiye, ni dalili. Akikana kwamba siye, Stilgar anasema mnaona unyenyekevu, basi ndiye. Ukumbi mzima ulipasuka. Kijana mmoja akapaza sauti gizani, "Chawa huyo!" Sijawahi kusikia neno likikaa mahali pake namna ile. Stilgar ni chawa, tena chawa mwaminifu, na kadiri filamu inavyokwenda unaacha kucheka, unaanza kuogopa chawa wa namna hiyo wanaweza kufanya nini wakiwa wengi.

Basi. Katikati ya hayo nikashindwa. Koo lilikauka mpaka nikimeza mate linakwaruza. Nikampa mjomba wangu simu aishike, nikatoka kununua maji yao ya elfu mbili.

Kwenye kaunta hakuna mtu. Nikasubiri. Akaja binti, yule yule wa mlangoni! Nikamwambia naomba maji. Akasema friji imefungwa, funguo anazo mwenzake. Mwenzake akatafutwa. Nikatoa elfu kumi, chenji hakuna. Wakati huo ukuta mzima unatetemeka, muziki wa Hans Zimmer unapita kwenye saruji kama lori la mchanga, na watu ndani wanapiga kelele. Nikamwambia, nipe maji, chenji baki nayo. Elfu nane nimezitupa, nisisikie mtu ananiita bahili.

Niliporudi, Paul alikuwa ameshampanda mnyoo.

Ambaye hajaiona hataelewa. Filamu nzima inaelekea pale. Kijana mgeni atampanda mnyoo mkubwa kuliko msikiti, asimame mgongoni mwake na kupasua naye jangwa, ndipo wenyeji wamkubali. Watu wamelipa kwa ajili ya dakika zile. Mimi nilikuwa nadai chenji. Nikamuuliza mjomba wangu, ilikuwaje? Akasema bila kugeuza shingo, "Mjomba, siwezi kuelezea." Kibanda umiza ningesimuliwa.

Kuanzia hapo nilikuwa naangalia kwa kisirani. Sehemu ya wale wabaya wenye vipara, ambako jua lao jeusi limefanya kila kitu kiwe cheusi na cheupe, najua ni ya ajabu, nilikuwa naiona ni ya ajabu, lakini nilikuwa nawaza elfu nane.

Taa zilipowaka nikaenda moja kwa moja kwenye ile meza. Chupa yangu ipo, niliijua kwa karatasi iliyochanika upande mmoja. Maji yamepungua. Hayajapungua kwa barafu kuyeyuka, barafu haifanyi hivyo. Yamepungua vidole vinne. Mtu ameyanywa. Nikaiinua juu ya taa nimwonyeshe yule binti, naye akawa anahesabu tiketi zake, hana habari. Mjomba wangu akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa, "Mjomba, ndiyo sheria ya jangwa. Ukishakufa maji yako ni ya kabila."

Nilicheka, lakini usiku ule ule niliandika maoni yangu nikaupa ukumbi nyota moja, na ile moja ni ya mzee wa kofia. Niliandika pia kwamba sirudi pale hata nipewe tiketi ya bure na soda.

Sasa. Kabla mwezi haujaandama nilirudi. Najua. Lakini mnyoo ulikuwa unanikaa rohoni, na filamu ile kuiona kwenye simu ni kuitukana. Nilikwenda na mjomba wangu tena, safari hii chupa ndogo iko chini ya begi lake, imeviringishwa ndani ya jezi. Mlangoni ni yule yule. Akachana tiketi, akatuangalia, akasema, "Karibuni," tena kwa tabasamu, kitu kilichoniharibia kabisa hasira nilizokuwa nimeziandaa tangu kwenye bajaji. Kiyoyozi kinafanya kazi. Kinafanya kazi mno, nilijuta kutobeba sweta. Kwa hiyo nyota nimeongeza, ziwe tatu, ingawa elfu nane sijazisamehe na karatasi ya selotepu bado ipo.

Ikafika. Paul anachomeka kile kidude kinachopiga mchanga, du, du, du. Kimya. Halafu kwa mbali mstari wa vumbi, kama ngalawa inakuja chini ya ardhi. Tuta alilosimama linaporomoka, naye anaanguka nalo mpaka mgongoni mwa mnyama, kulabu zinateleza kwenye magamba, zinashika, zinateleza, mchanga unampiga usoni, na kiti changu kinatikisika mpaka kwenye meno. Mjomba wangu alikuwa ameshanipitishia chupa gizani. Niliishika tu, kifuniko mkononi, mpaka tunashuka kwenye bajaji nyumbani haijafunguliwa.