Mass Effect 3: unahangaika gemu tatu halafu unaambiwa chagua rangi

Nimemaliza Mass Effect zote tatu, gemu za anga za BioWare ambazo unacheza kama kamanda Shepard, kwenye ile Legendary Edition ya 2021 (mkusanyiko wa zote tatu) na bado nina hasira kama mtu aliyedhulumiwa mirathi. Gemu ni kali, hilo sibishi, kama hujacheza ishia hapa maana chini ni spoila tupu.

Kuna watu wanasema sisi tunaolalamikia mwisho wa gemu ya tatu hatupendi mwisho wa mafumbo. Hapana bana. Chukulia Rannoch, sayari ya asili ya viumbe wanaoitwa Quarian. Quarian waliwatengeneza Geth wenyewe, maroboti yale, wakaja kupigana nao, uhasama wa karne tatu hivi. Kuwapatanisha sio kubonyeza kitufe tu, inabidi uwe umejipanga toka gemu ya pili, Tali (Quarian wa kikosini kwako) awe hai, Legion (Geth wa kikosini kwako) awe hai, na kesi ya uhaini ya Tali ukiimaliza vizuri inakusaidia sana, bila hao wawili chaguo la amani hulioni kabisa. Mi nikaipata, Legion akajitoa mhanga na Geth wakaanza kuwasaidia Quarian kurudi nyumbani kwao, aisee nilifurahi. Sasa mwishoni kabisa kanakuja katoto ka mwanga kanajiita Catalyst, kanasema eti mashine na waliozitengeneza hawawezi kuishi pamoja, lazima watamalizana. We mtoto, Geth na Quarian si wako hapo nje wanapigana upande mmoja?! Na Shepard, mtu aliyebishana na kila kiumbe kwenye galaksi, hapo hoja hiyo haitoi kabisa.

Baada ya hapo ndo unachagua, nyekundu unawaangamiza Reapers (mashine kubwa zinazofyeka galaksi, ndo adui wa gemu zote) ila Geth na EDI, akili bandia ya meli yako, nao wanakufa, bluu unawatawala, kijani unachanganya watu na mashine. Ilipotoka Machi 2012 video za mwisho zilifanana mpaka mashabiki wakawatumia BioWare keki ndogo za rangi hizo tatu, ladha ile ile moja, dah walijua kuchoma wale. Juni wakatoa Extended Cut, nyongeza ya bure ya mwisho huo, ndo iliyomo kwenye Legendary Edition, imefafanua mengi na kuna chaguo la kukataa pia, ila ukikataa Reapers wanashinda basi.

Mi nilichukua nyekundu. Na hapa ndo utajua sina ugomvi na mafumbo, kwa sababu ukiwa na jeshi la kutosha unaoneshwa kifua kwenye vifusi, kina nembo ya N7 kama ya Shepard, kinavuta pumzi mara moja tu, skrini inazima. Sura huioni. Kule kwenye meli Garrus, mwenzake wa kikosini (Shepard wangu wa kike alikuwa mpenzi wake), ameshika kibao chenye jina la Shepard mbele ya ukuta wa waliokufa na hakiweki. Hilo fumbo safi, linaniachia kazi ya kufikiria, lile la katoto linafuta kazi niliyokwisha kufanya.

Trilojia naipa nyota nne kati ya tano. Mwisho wenyewe nyota mbili, na zote za Garrus.