Sauti za Busara: uzoefu wangu wa siku tatu ndani ya Ngome Kongwe

Matamasha niliyokuwa nimehudhuria Dar es Salaam kabla ya Februari niliyovuka kwenda Unguja yalikuwa karibu yote ya aina moja: msanii anapanda jukwaani saa saba za usiku, fundi mitambo anabonyeza kitufe, wimbo tuliouzoea redioni unaanza kujiimba wenyewe, na mwenye wimbo anabakiwa na kazi ya kurukaruka na kudakia maneno ya mwisho. Kwa hiyo shangazi yangu wa Mwembetanga aliponieleza kwa simu kwamba kila anayepanda jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, sharti apige na kuimba laivu, niliona hiyo ni sababu ya kutosha kukata tiketi ya boti. Safari ya kuvuka huchukua saa mbili hivi, na kwa kuwa Februari ni msimu wa kaskazi, mawimbi yalinifanya nifike bandari ya Malindi, hapo Unguja, nikiwa sina hamu hata ya maji.

Tamasha hili lilianza mwaka 2004 na makao yake kwa miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa, ikitazamana na bustani ya Forodhani na kupakana na jumba la Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bei ya kiingilio kwa Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, mradi uoneshe kitambulisho. Changu nilikuwa nimekiacha ndani ya begi kwa shangazi, na ilinibidi nirudi kwa miguu kutoka Forodhani hadi Mwembetanga, jua likiwa bado kali na viatu vyangu vipya vikinichubua visigino.

“Nilikwambia mapema, mwanangu,” alisema shangazi, hata kabla sijamaliza kumwamkia. “Na hivyo viatu ni vya harusini, si vya kukanyagia mawe ya mji huu.” Akanipa ndara zake, na kanga moja ya kukalia. Kanga hiyo niliidharau wakati ule, lakini baadaye nilimshukuru sana, kwa sababu ngazi za mawe ambazo watu huzikalia ndani ya ngome hubaki na joto la mchana mpaka usiku.

Niliporudi, maandamano ya ufunguzi yalikuwa yamekwisha kupita na kundi la kwanza lilikuwa linashuka jukwaani. Hasara hiyo ni yangu mwenyewe, kwani naambiwa kuwa matarumbeta ya beni barabarani hayapaswi kukosekana, tena ni ya bure.

Kilichonilipa gharama zangu zote ni kundi la taarab asilia la hapohapo Unguja. Taarab niliyoizoea mimi ni ile ya kumbi za Dar, ya kinanda cha umeme na mipasho, ambayo mtu huicheza huku akimtafuta mbaya wake kwa macho. Hii ilikuwa ya udi, fidla, nai, dumbaki na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), ala zinazosemekana kuingia Unguja enzi za Sultan Barghash, aliyevutiwa na muziki wa Misri. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kumwona vizuri mpiga kanuni, mzee mwenye kofia ya viua, akivaa pete zake mbili kwenye vidole vya shahada na kuchomeka chini yake vipande vyembamba vya kudonolea nyuzi. Kisha akachukua ufunguo mdogo na kuanza kukaza nyuzi moja baada ya nyingine, akiinamisha sikio, akirudia, akilegeza tena. Ilichukua muda mrefu, na kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti kwamba waanze.

“Mwache akaze,” mama mmoja wa makamo alimgeukia. “Zikilegea, utalalamika wewe huyohuyo.”

Kwa mtu aliyezoea muziki wa kitufe, dakika zile zilinifunza mengi. Wimbo ulipoanza niliweza kuufuata uzi ulioshughulikiwa sana, ukijitokeza na kuzama katikati ya fidla, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye spika yoyote ya nyumbani. Ubeti wa tatu ulipofika, mama yuleyule alinyanyuka, akashuka ngazi taratibu kwa mwendo wa kucheza mabega, noti ya shilingi elfu kumi ikipepea mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji. Kijana wa Kizungu aliyeketi pembeni yangu aliniuliza kama yule mama alikuwa analipa deni. Nilimweleza maana ya kutunza, naye akatoa noti yake na kushuka mbio kuipeleka, watu wakaangua kicheko, kwa maana mwenye kutunza haendi mbio. Mwimbaji aliipokea kwa heshima zote bila kukatiza ubeti.

Makundi mengine yalitoka sehemu mbalimbali za Afrika, na mengi yalinifurahisha, ingawa sitadai kwamba nilielewa yote. Yapo yaliyonipita kabisa, hasa yaliyochanganya ala za asili na mitambo ya kompyuta, nami nikautumia muda huo kutoka nje kwenda kula urojo na kunywa juisi ya miwa yenye tangawizi. Zamu za jukwaani ni fupi kuliko nilivyopenda, na kwa taarab ufupi huo unauma, kwa sababu wimbo mmoja wenye bashirafu yake, yaani utangulizi wa ala tupu, unaweza kumaliza robo ya muda wote.

Kuhusu bei, sioni kwamba ni kubwa kwa siku tatu za wanamuziki wanaopiga kweli. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, kwa hiyo anayetaka kuingia kwa kupenya getini na afikirie hilo. Anayekwenda mara ya kwanza naye akate tiketi ya boti ya kurudi mapema, maana tamasha likiisha wageni wote wanataka kuondoka asubuhi ileile. Mimi nilipata nafasi ya saa kumi jioni, nikalala mchana kutwa kwa shangazi, masikio yakiwa bado yanavuma.