Pakiti ya ORS: dawa nzuri, vipimo ndivyo huiharibu

Kwa anayeharisha, hakuna soda wala juisi ya dukani inayoifikia pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa. Ile ya gramu 20.5 ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitrati 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, na hapo ndipo wengi huharibu: pakiti nzima inamiminwa kwenye glasi moja. Chumvi ikizidi hivyo ni hatari, hasa kwa mtoto. Soma pakiti kwanza, maana zipo pia za nusu lita. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupimia.

Ladha? Kama machozi yaliyotiwa sukari. Usiongeze sukari, ikizidi huvuta maji utumboni, kuharisha kukazidi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Uji, ndizi na maziwa ya mama viendelee.

Kasoro yake: inarudisha maji na chumvi tu, haikatishi kuharisha. Vidonge vya zinki, vinavyosaidia kupunguza kuharisha kwa mtoto, mara nyingi vinauzwa kando.