Uzoefu wangu: fundi wa Nakuru aliyekataa kunisikiliza

Naandika bado nina hasira, mnisamehe. Nina Nissan Sunny ya zamani, toleo la B14, iliyonibebea nguo za mitumba kati ya Nakuru na Kisumu mpaka nikasomesha watoto watatu. Hilo ndilo gari ambalo fundi wa gereji moja hapa Nakuru aliniambia nipeleke kwa mizani, yaani nikaliuze kama chuma chakavu.

Shida ilianza wakati wa baridi. Asubuhi napiga stata, inazunguka, inazunguka weee, majirani wanachungulia, ndipo injini inashika. Lakini nikisimama sokoni dakika kumi kisha niwashe, linawaka papo hapo. Tena niligundua kwamba nikifungua swichi bila kupiga stata, nikafunga, nikarudia mara tatu, hata asubuhi linawaka vizuri. Nilimweleza fundi hayo yote. Hakuinua macho kwenye simu. Akasema ni betri, tukaweka betri. Akasema ni plagi, tukaweka plagi. Mara ya tatu akang'oa kiti cha nyuma, akabadilisha pampu ya petroli, nikalipa elfu tisa pamoja na ufundi. Kesho yake, yale yale.

Niliporudi akaniambia mbele ya vijana wake, "Mama, hii gari imezeeka. Piga mizani ununue ingine." Wakacheka. Niliendesha hadi nyumbani machozi yakinilenga.

Safari iliyofuata nilimpata fundi mwingine Kisumu, karibu na Kondele, kijana mdogo tu. Swali lake la kwanza: "Mama, inasumbua ikiwa baridi, ama hata ikiwa moto?" Nikajua nimefika. Akaunga geji ya kupima presha kwenye paipu baada ya chujio la petroli, akawasha, akazima. Sindano ikaanza kushuka; sikuwa nimemaliza soda, iko sifuri. Akawasha tena, akazima, na papo hapo akabana paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi kwa koleo alilolizungushia kitambaa. Sindano ikasimama. Tuliikodolea macho dakika tano, haikutikisika.

"Pampu ni nzima," akasema. "Hata ile ya kwanza nadhani ilikuwa nzima. Regyuleta, ile valvu ya kushikilia presha ya petroli, ndiyo haifungi. Ukizima, presha inatorokea kwenye tangi, asubuhi stata inazunguka bure ikingoja pampu ijaze upya." Ndiyo maana kufungua swichi mara tatu kulisaidia: kila ukifungua, pampu inasukuma kwa sekunde chache. Akafunga regyuleta ya mtumba. Tangu siku hiyo naligusa tu, linawaka.

Sasa, yule wa Nakuru. Nilitaka kusema hajui kazi, lakini haki isemwe: breki alizonifungia zamani hazijawahi kunisumbua, na pampu aliyoweka inafanya kazi. Kwa breki, nendeni kwake.

Hapana, nafuta hilo. Msiende hata kwa breki. Mtu anayeuza pampu bila kuweka geji, kisha anamcheka mteja, atakula pesa zenu vilevile. Juzi nilipita kumuuliza pampu yangu ya zamani. Akasema aliitupa. Aliitupa kwa ruhusa ya nani? Ilikuwa yangu, na ilikuwa nzima. Jumatatu nitapita tena, na nitaiulizia mbele ya vijana wale wale.