Tofali za kufungamana: chumba cha mama mkwe baada ya masika mara mbili

Chumba cha mama mkwe tulikiongeza nyuma ya nyumba yetu, Kihonda, Morogoro, kwa tofali za kufungamana, zinazoshikana kwa umbo lake: udongo mwekundu na saruji, zinashindiliwa kwa mashine, hazichomwi. Masika yamepita mara mbili. Kila mgeni anauliza, "Plasta lini?" Haitapigwa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Tofali za kuchoma nilizikataa mapema. Nimekulia chini ya milima ya Uluguru, nimeona tanuri moja linavyomeza kuni. Saruji nayo haina usafi huo: kuitengeneza, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na hewa ya ukaa hutoka kwenye moto na kwenye jiwe lenyewe.

Sasa hesabu. Tofali letu lina urefu wa sentimita 30, upana 15, kimo 10. Mita moja ya mraba inataka 33. Mfuko wa kilo 50 ulitutolea 70, yaani karibu nusu mfuko kwa kila mita ya mraba. Kwa tofali peke yake, bloku za saruji na mchanga za inchi sita hutumia saruji pungufu ya hapo! Anayekwambia hizi ni za udongo mtupu anakudanganya. Faida iko kwingine: hakuna mota (saruji na mchanga wa kugandishia) kati ya kozi na kozi, yaani mstari na mstari wa tofali, na ukuta unabaki wazi ndani na nje. Ukiupiga plasta umeirudisha saruji yote uliyoiokoa.

Shehena ya kwanza tulinunua kwa mfyatuaji, ikatuumiza. Pembe zilimeguka zikiwa bado kwenye gari. Fundi akatumbukiza mbili kwenye ndoo ya maji, zikalala humo. Kulipokucha, moja kati ya hizo lilikuwa uji.

"Mama Neema, hizi zimeanikwa juani, hazikumwagiliwa," fundi akaniambia.

Tukakodi mashine ya mkono, tukafyatua wenyewe uani kwa udongo uliotoka kwenye shimo la choo. Tuliuchekecha, na kila tofali lilipimiwa kwa kopo lile lile. Msiidharau kazi hii ya kopo. Udongo ukizidi, tofali linaongezeka kimo, na bila mota hakuna pa kusawazishia; tofauti ya milimita mbili ikijirudia kozi kumi, ukuta umeshapanda kilima. Tulizifunika nailoni kivulini na kuzimwagilia asubuhi na jioni siku 14.

Kozi ya kwanza ndiyo pekee iliyolazwa juu ya mota chini kabisa, na ilichukua siku nzima ya uzi na pima maji. Nilitamani kumharakisha fundi, nashukuru nilinyamaza. Kutoka hapo hadi lenta, boriti ya zege juu ya milango na madirisha, zilikuwa siku nne.

Chini tuliinua msingi wa mawe futi mbili kutoka ardhini, na bati limetokeza sentimita 60. Ukuta uliokingwa hivyo uko kama siku ulipojengwa. Pembeni, paa jipya linapokutana na la zamani, maji yalikuwa yakidondokea ukutani, na tofali tatu zimeliwa usoni hadi kidole kinaingia. Tumeweka mfereji wa bati. Hizo tatu zitang'olewa kiangazi hiki.

Ukitaka kununua zilizo tayari, nenda na ndoo yako.