Wikiendi ya kundi Pangani: uzoefu wangu wa Ushongo na Maziwe

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Kifurushi kilikuwa laki mbili na themanini kwa kichwa, unalipa kwa simu nusu mapema na nusu siku ya kuondoka. Ndani yake kuna basi dogo la Coaster kutoka Mwenge, Dar es Salaam, kwenda na kurudi, banda la kulala ufukweni Ushongo, milo yote na boti ya kwenda Maziwe. Kampuni siitaji, safari za namna hii zimejaa mitandaoni na kasoro zake ni za ukoo mmoja. Mahali na chakula vilizidi pesa niliyotoa. Ratiba ndiyo iliyotuponza.

Tuliondoka Ijumaa usiku ili mtu asiombe ruhusa kazini. Dereva alikuwa mjuzi: badala ya kwenda kukwama Kibaha na malori, akashika njia ya Bagamoyo akatokea Msata, kisha Segera, Muheza, na kutoka hapo vumbi na mashimo mpaka Pangani. Spika ilikuwa chini ya kiti changu. Waliopanda wakiwa na chupa zao walifurahi sana njiani. Sisi wengine tulihesabu vituo vya mafuta.

Na ukifika Pangani mjini alfajiri, hujafika. Ushongo iko upande wa pili wa mto, kusini, kwa hiyo mnasubiri pantoni la asubuhi la kuvuka kwenda Bweni, abiria wanashuka na gari linapanda peke yake. Tulipopita, daraja lilikuwa bado linajengwa. Kwangu kungoja kule kulikuwa sehemu nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye ratiba. Tulikunywa chai na vitumbua vya moto, kisha kijana mmoja wa pale akatutembeza kwa pesa kidogo: majumba ya zamani yanayotazama mto, boma lenye milango ya nakshi, na habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani vita tangu 1888 mpaka wakamnyonga papo hapo Pangani, Desemba 1889. Nusu ya kundi walikuwa wamelala ndani ya gari. Mratibu mwenyewe hakujua kwamba mji huo una la kuonyesha.

Ushongo sina lawama nayo. Minazi, mchanga mpana, ngalawa zimepandishwa juu, wala hufuatwi na watu wa kukuuzia vinyago kila hatua tatu. Mabanda ni ya makuti, vyandarua vizima, choo safi, maji ya kuoga yana chumvi kidogo. Mpishi ni mama wa kijiji kilekile, na hapo nakiri waandaaji walifanya la maana, kwa sababu wangeweza kuja na mpishi wa Dar na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Tulikula changu wa kuchoma, pweza wa nazi aliyeiva mpaka analegea, wali wa nazi na kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Jumamosi jioni watu wote thelathini tulikuwa tumekaa mchangani hatusemi kitu, tunatafuna. Nilimuuliza mama anamlainishaje pweza. Akacheka, akasema nirudi nimsaidie kumpiga.

Sasa Maziwe, ambayo ndiyo iliyotupeleka. Asiyepajua aelewe kwamba si kisiwa cha kwenda kushinda. Ni fungu la mchanga katikati ya eneo tengefu la bahari. Zamani lilikuwa na mivinje. Leo hakuna mti hata mmoja, na maji yakijaa linazama lote. Kasa bado hupanda kutaga pale, ndiyo maana mayai huhamishiwa ufukweni Ushongo, vinginevyo yangekufa maji. Kwa hiyo saa ya kwenda haipangwi na mtu, inapangwa na maji. Kwenye ratiba yetu iliandikwa: Jumapili saa tano, baada ya kifungua kinywa, “chakula cha mchana kisiwani”.

Mwezi ulikuwa mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine. Jumamosi usiku nahodha alikuja mwenyewe kwa mratibu akamwambia, kwa adabu kabisa, “Dada, hili ni bamvua. Saa nne maji yanakuwa yamepwa mpaka mwisho, baada ya hapo yanarudi kwa kasi. Tuondoke saa mbili.” Mratibu akajibu kwamba watu watakuwa wamechoka. Basi tukaondoka saa tano na ushei, tukafika fungu limeshaanza kupungua. Kuzamia kulikuwa kuzuri mno kwa muda tulioupata: matumbawe, samaki wa rangi zote, maji unaona mpaka chini. Majaketi ya kuokolea yalitosha watu wote, hilo nawapongeza. Ila sahani za chakula zilipofunguliwa, bahari ilikuwa imefika kwenye mkeka. Tulikula tumesimama, kisha tukamalizia botini. Anayekwenda wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, naye ajue kwamba hapo fungu hutokeza kidogo tu, hivyo bamvua ni bora, mradi uwahi.

Jambo jingine ni kiingilio cha hifadhi. Kilidaiwa palepale ufukweni, fedha taslimu, wakati tangazo lilisema “kila kitu ndani”. Wapo waliokuwa na simu tu, wakakopeshana. Na safari ya kurudi siku hiyohiyo ilitufikisha Mwenge usiku wa manane, Jumatatu ya kazi inatungoja.

Ushauri wangu: kwa umbali huu, usikubali safari isiyo na Ijumaa nzima ndani yake. Kabla ya kulipa, muulize mratibu maji yanapwa saa ngapi siku ya Maziwe. Akibabaika, nenda na rafiki zako kwa basi la Tanga, mshuke Muheza mtafute gari la Pangani. Ushongo mtapata boti na nahodha wa kupatana naye wenyewe.

Tuliporudi niliwaandikia waandaaji. Pesa ya kiingilio waliirudisha bila ubishi. Kuhusu saa ya boti, walijibu kwamba wateja wao hawapendi kuamshwa mapema.